Mji Wenye Majina Mawili



Mhariri wa gazeti hili aliponiomba niandike habari za safari yangu ya Ulaya, nadhani alitazamia nieleze habari za London au Paris. Miji hiyo mmekwisha kuiona katika picha mara nyingi, nami sina jipya la kuongeza. Leo nataka kuwapeleka katika mji mdogo wa nchi ya Romania, ambao labda wachache sana kati yenu wamepata kuusikia. Nimeuchagua kwa sababu tatu. Kwanza, wenyeji wake wengi husema lugha ambayo kwa mambo fulani imefanana na Kiswahili kwa ajabu. Pili, katika mji huo aliishi mtu aliyebadili somo la jiometri mnalofundishwa darasani, na karibu nao alizaliwa mtu aliyetia majina katika ramani ya Afrika ya Mashariki. Tatu, watu wake wana kazi moja ambayo sisi pia tunayo, yaani kukaa pamoja katika mji mmoja watu wasiosema lugha moja nyumbani.

Ndugu yangu mdogo anasoma udaktari katika mji huo, nami nalikwenda kumtazama. Amepanga chumba katika nyumba ya mzee mmoja Mhungaria, aliyefundisha hesabu muda wa miaka mingi na sasa amestaafu. Mzee huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wangu, na mengi ninayoandika hapa nalionyeshwa naye kwa mkono wake.

MAJINA YA MJI

Tulitoka mji wa Cluj kwa basi, mwendo wa kilomita 100 hivi, tukipita vilima vya majani na mashamba ya mahindi. Tulipokaribia naliona jina la mji kwanza kwa Kiromania: Târgu Mureș. Kisha naliona jina jingine, la Kihungaria: Marosvásárhely. Nikadhani tumefika mahali ambapo miji miwili inapakana. Ndugu yangu akacheka, akaniambia kwamba mji ni ule ule mmoja.

Mureș, au Maros kwa Kihungaria, ni jina la mto unaopita hapo. Neno la Kiromania târg maana yake ni soko. Neno la Kihungaria vásárhely maana yake ni mahali pa soko. Basi majina hayo mawili, ambayo masikioni mwa mgeni hayana udugu hata kidogo, yana maana moja: Soko la Mto Mureș. Hata jina la kwanza lililoandikwa, katika daftari za Kanisa za mwaka 1332, ni la Kilatini lenye maana ya Soko Jipya la Wa-Székely. Wa-Székely ni jamaa ya Wahungaria waliowekwa pande hizo zamani ili walinde mipaka ya mashariki ya ufalme.

Msomaji asiogope maandishi ya Kihungaria. Herufi s husomwa sh, na sz husomwa s. Herufi ly husomwa y. Kwa hiyo jina la mji husomwa karibu na "Maroshvaasharhey", na Wa-Székely ni "Wa-Seekey". Nalijifunza hayo siku ya kwanza, nikajiona mjuzi. Baadaye mtaona jinsi ujuzi huo ulivyonitia aibu.

MPAKA ULIOHAMA

Ili kuelewa kwa nini mji wa Romania una Wahungaria wengi, yatupasa kutazama historia kidogo.

Wahungaria waliingia katika nchi zile mwishoni mwa karne ya 9. Jimbo la Transylvania, ambamo mji huu umo, likawa chini ya wafalme wa Hungaria, kisha likatawaliwa na wakuu wake lenyewe, kisha likaingia katika dola ya Austria. Waromania walikuwa wengi katika jimbo, hasa mashambani, lakini mamlaka, ardhi na miji ilikuwa zaidi mikononi mwa Wahungaria na Wajerumani. Mfano mmoja watosha. Mwaka 1571 wajumbe wa jimbo walikutana katika mji huu huu, wakathibitisha kwamba madhehebu manne ya Kikristo yawe na haki sawa. Wakati ambapo Ulaya nzima ilikuwa ikichinjana kwa ajili ya dini, hilo lilikuwa jambo kubwa sana. Lakini Kanisa la Orthodox, ambalo ndilo lililokuwa la Waromania, halikuwa mojawapo ya yale manne. Liliachiwa kuwapo tu, bila haki sawa. Mzee wangu, ambaye ni Mhungaria, ndiye aliyeniambia nisilisahau jambo hilo nikiandika.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza mambo yaligeuka. Tarehe 1 Desemba 1918 wajumbe wa Waromania walitangaza kwamba Transylvania inaungana na Romania, na Mkataba wa Trianon wa tarehe 4 Juni 1920 ukathibitisha. Hungaria ilipoteza yapata theluthi mbili za ardhi yake, na mamilioni ya Wahungaria wakajikuta nje ya nchi yao. Hawakuhama wao. Uliohama ni mpaka. Mwaka 1940 sehemu ya kaskazini ya jimbo, pamoja na mji huu, ikarudishwa Hungaria. Vita vilipokwisha ikawa ya Romania tena. Mzee aliniambia kwamba bibi yake alizaliwa katika nchi moja, akaolewa katika nchi ya pili, akazaa mtoto wa mwisho katika ile ya kwanza, akafa katika ile ya pili, naye hakupata kuhama nyumba yake.

Chini ya serikali ya Kikomunisti, mji ulikuwa makao makuu ya mkoa wa Wahungaria wenye madaraka yake, tangu mwaka 1952. Mkoa huo ulibadilishwa mwaka 1960 na kufutwa mwaka 1968. Viwanda vikubwa vilijengwa, na Waromania wengi wakaletwa kutoka mahali pengine kufanya kazi. Hesabu ya watu ya mwaka 1992 ilionyesha Wahungaria wamebaki zaidi ya nusu kidogo tu. Katika ile ya mwaka 2002 Waromania walikuwa wamekwisha kuwapita. Hesabu ya mwaka 2021 ilikuta mji una watu 116,000 hivi, na Wahungaria wote katika Romania ni kama milioni moja.

LUGHA ISIYO NA JIRANI

Kiromania ni ndugu wa Kifaransa na Kiitaliano, maana chanzo chake ni Kilatini. Kihungaria hakina ndugu karibu. Jamaa zake wanaojulikana, kama Kifini na Kiestonia, wako mbali kaskazini.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Mzungu wengi hulalamika kwamba Kihungaria ni kigumu kwa sababu neno moja hubeba mambo mengi. Lakini sisi tumezoea mizigo ya namna hiyo. Sisi husema "nakupenda", neno moja tu, na ndani yake mna mtenda, mtendwa na tendo. Mhungaria husema szeretlek. Szeret ni penda, na -lek huonyesha kwamba mimi ndiye nitendaye na wewe ndiwe utendwaye. Sisi huweka vipande vyetu mbele ya kitenzi, wao huviweka nyuma. Sisi husema "nyumbani", tukiongeza -ni mwishoni mwa nyumba. Wao huchukua ház, yaani nyumba, wakasema házban, ndani ya nyumba. Wakitaka kusema "katika nyumba zangu" husema házaimban, yaani nyumba, wingi, yangu, ndani, vyote kwa pumzi moja.

Tena, Mhungaria hana maneno mawili ya kutenga mwanamume na mwanamke kama Kiingereza au Kiromania. Husema ő, kama sisi tusemavyo "yeye". Mzee, alipokuwa akisema nami Kiingereza, mara kwa mara alimwita mkewe kwa neno la mwanamume, kisha akajisahihisha huku mkewe akicheka. Nalimwambia kwamba kwetu pia wanafunzi hukosea vivyo hivyo, na kwa sababu ile ile. Alifurahi sana, akaandika neno "yeye" katika daftari yake.

Na jambo moja jingine: Mhungaria hutanguliza jina la ukoo, kisha jina lake mwenyewe. Wazungu wengine huandika János Bolyai. Wao husema Bolyai János.

UGALI NA MKATE

Siku ya kwanza mke wa mzee alitupakulia chakula cha manjano chenye kufuka moshi, nami nikamtazama ndugu yangu. Ulikuwa ugali! Ni unga wa mahindi uliosongwa, laini kidogo kuliko wetu, nao hula kwa jibini na mtindi mzito. Waromania huuita mămăligă, na Wahungaria wa huko huuita puliszka. Kila upande husema wa kwao ndio mtamu. Mahindi yenyewe yalitoka Amerika, kwao na kwetu pia.

Asubuhi ya pili nalitumwa kununua mkate. Nikaingia dukani nikamwamkia mama mwuzaji kwa Kihungaria changu kipya: Jó napot kívánok! Nalitazamia atafurahi. Uso wake ukakunjamana. Akanijibu kwa Kiromania, Bună ziua, akanipa mkate na chenji, asiongeze neno.

Nikamweleza mzee. Kwanza alicheka, kisha akanyamaza. Akasema, "Hukumkosea adabu. Lakini katika mji huu salamu si salamu tu. Ukimwamkia mtu unamwambia pia kwamba unamdhania ni nani, na kwamba mji huu unaudhania ni wa nani." Nalikumbuka kwamba hata kwetu mgeni akipiga hodi katika mlango usio wake hukaribishwa kwa mashaka. Nikaelewa kwamba mimi nalipiga hodi bila kutazama mlango.

JUMBA LA UTAMADUNI

Katikati ya mji pana uwanja mrefu uitwao Uwanja wa Mawaridi. Kusini yake yako majengo mawili ambayo mgeni hawezi kuyapita bila kusimama. La kwanza ni jumba la serikali lenye mnara, lililojengwa mwaka 1905 hadi 1907. La pili ni Jumba la Utamaduni, lililojengwa mwaka 1911 hadi 1913. Mapaa yake yameezekwa vigae vya rangi, vilivyopangwa kama mkeka wa ukili. Aliyeyaagiza ni meya György Bernády, mtu aliyetaka mji mdogo uwe na fahari ya mji mkubwa. Walioyachora ni Marcell Komor na Dezső Jakab.

Ndani ya Jumba la Utamaduni mna ukumbi wa muziki wenye kinanda kikubwa cha mabomba zaidi ya 4,000, na mna Ukumbi wa Vioo. Katika ukumbi huo madirisha ni ya vioo vya rangi, na kila dirisha linasimulia kisa au desturi ya Wa-Székely. Jua likiingia, visa hivyo huanguka sakafuni kwa rangi nyekundu na buluu. Hapo nalikaa saa nzima.

Nilipomwuliza mzee habari za wale wachoraji wawili, alijibu kwamba walikuwa Wayahudi, akanichukua mpaka sinagogi kubwa la mwaka 1900, si mbali na hapo. Zamani mji huu ulikuwa na maelfu ya Wayahudi, na wengi wao walisema Kihungaria na kujiona Wahungaria. Mwaka 1944, wakati mji ulipokuwa chini ya utawala wa Hungaria na majeshi ya Ujerumani yamekwisha kuingia, walikusanywa katika kiwanda cha matofali, wakapakiwa katika magari moshi, wakapelekwa Auschwitz. Wengi hawakurudi. Marcell Komor naye aliuawa mwaka huo huo. "Kumbuka," akasema mzee, "tunapowaonyesha wageni Jumba hili tunasema, tazama kazi ya Wahungaria. Na ni kweli. Lakini siku ile hatukusema ni Wahungaria wenzetu."

MSTARI NA NUKTA

Kwa wale wapendao hesabu, mahali pa kwenda ni Maktaba ya Teleki. Ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1802 na Bwana Sámuel Teleki, aliyekuwa Mkuu wa Baraza la jimbo la Transylvania huko Vienna. Alikusanya vitabu yapata 40,000 katika maisha yake, na asivizuie kwa ajili yake mwenyewe.

Katika maktaba hiyo vimo vitu vya mwalimu Farkas Bolyai na mwanawe János. Farkas alifundisha hesabu katika chuo cha mji huu tangu mwaka 1804. János alizaliwa Cluj mwaka 1802, akakulia hapa, akasomea uhandisi wa jeshi Vienna.

Sasa chukua karatasi. Chora mstari ulionyoka, kisha tia nukta nje ya mstari huo. Je, unaweza kupitisha katika nukta hiyo mistari mingapi isiyokutana kamwe na ule wa kwanza? Mwalimu wako atakuambia mmoja tu, nao ni mstari sambamba. Euklidi wa kale aliliweka jambo hilo kama msingi, na kwa miaka 2,000 wataalamu walijaribu kulithibitisha wasiweze. Farkas mwenyewe alipoteza miaka mingi katika jambo hilo, akamsihi mwanawe aliache kabisa, kama mzazi amwonyavyo mtoto asikaribie kisima kirefu.

Kijana hakusikia. Lakini alitumia njia nyingine. Alijiuliza: tukisema kwamba mistari ya namna hiyo ni mingi, si mmoja, je, hesabu itavunjika? Akafuata hatua kwa hatua, akaona kwamba haivunjiki. Hutokea jiometri nyingine, kamili, ambayo ndani yake pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa hazifiki digrii 180. Kazi yake ilichapishwa mwishoni mwa kitabu cha baba yake mwaka 1832, nayo haikuzidi kurasa 30. Baba akampelekea rafiki yake Gauss, mtaalamu mkuu wa Ujerumani. Gauss akajibu kwamba hawezi kuisifu, maana kuisifu kungekuwa kujisifu mwenyewe, kwa kuwa naye amekwisha kuwaza hayo hayo. Kijana alivunjika moyo. Miaka mingi baadaye akajua kwamba Mrusi aitwaye Lobachevsky naye alikuwa amechapisha jambo hilo hilo, tena kabla yake kidogo. János alikufa katika mji huu mwaka 1860, akiacha maelfu ya kurasa ambazo hazikuchapishwa. Leo wataalamu wote hutaja jina lake pamoja na la Lobachevsky, na fikira zao zilifungua njia ya elimu ya leo juu ya umbo la ulimwengu.

JINA LA JUMBE KIMEMETA

Jina la Teleki halikwisha kwa yule mwenye maktaba. Mtu mwingine wa ukoo huo, aliyeitwa vilevile Sámuel Teleki, alizaliwa mwaka 1845 katika kijiji cha Sáromberke, karibu na mji huu. Huyo ndiye aliyekuja Afrika ya Mashariki mwaka 1887 pamoja na Ludwig von Höhnel. Walianza safari yao Pangani, wakiwa na mamia ya wapagazi waliobeba shanga, nyaya na nguo. Alipanda Kilimanjaro mpaka penye theluji, asifike kileleni. Alipanda pia Mlima Kenya, na bonde moja la mlima huo laitwa kwa jina lake hata leo. Machi 1888 walifika penye ziwa kubwa katika nchi kame ya kaskazini, wakaliita Ziwa Rudolf kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria na Hungaria. Mwana huyo alikufa Januari 1889, bila kupata kuliona. Mwaka 1975 serikali ya Kenya ililibadili jina, nalo sasa ni Ziwa Turkana, kama mlionavyo katika ramani zenu.

Mzee alikuwa na kitabu cha Höhnel cha safari hiyo, akanifungulia kwa fahari. "Mtu wetu aliligundua ziwa lenu," akasema. Nami, kwa heshima, nikamwambia kwamba Waturkana wa ziwa lile, pamoja na Waelmolo na wengineo, walikuwa wakivua samaki na kunywesha mifugo hapo kabla Teleki hajazaliwa. Mzee akafikiri, akasema, "Kweli. Ni kama mtu aje hapa leo aseme ameigundua Mureș." Kisha akaniomba nimsomee majina ya Kiafrika yaliyomo, kwa kuwa yeye hakujua namna ya kuyatamka.

Basi nikasoma, na hapo nikakutana na Jumbe Kimemeta. Alikuwa mfanya biashara ya pembe, mtu wa Pangani, aliyezijua njia za nchi ya Wamasai, naye alifuatana na msafara huo. Nikamweleza mzee kwamba jumbe si jina, ni cheo cha mkuu wa watu. Nikamweleza pia kwamba msafara ule ulipigana na Wakikuyu na watu wakauawa, na kwamba katika nchi kame wapagazi wengi walikufa kwa njaa. Majina yao hayamo katika ramani yo yote. Mzee akachukua kalamu ya risasi, akaandika pembeni mwa ukurasa, kwa herufi za Kihungaria, jinsi ya kutamka "Jumbe Kimemeta". Naliona hiyo ni heshima ndogo, lakini ni heshima. Tena mjue kwamba neno letu "safari" limekwisha kuingia katika Kihungaria. Wao huliandika szafari.

MACHI 1990

Jioni ya mwisho nalimwuliza mzee habari za Machi 1990, ambazo nalikuwa nimezisoma kabla ya kuja. Hakujibu upesi.

Mwisho wa Desemba 1989 dikteta Ceaușescu alipinduliwa, na watu wa lugha zote mbili walishangilia pamoja katika uwanja ule ule. Wahungaria wakadai shule zao na lugha yao. Waromania wengi wakaingiwa na hofu kwamba nchi itakatwa tena, kama mwaka 1940. Tarehe 19 Machi 1990 umati wa Waromania, wengine wakiwa wameletwa kutoka vijijini, ulishambulia makao ya chama cha Wahungaria, na mwandishi András Sütő akatobolewa jicho. Kesho yake maelfu walipigana kwa marungu katikati ya mji. Watu 5 walikufa, wa pande zote mbili, na karibu 300 waliumizwa.

"Usiku ule," akasema mzee, "jirani yangu Mromania aligonga mlango. Tuliogopa kumfungulia. Alikuwa amekuja kuuliza kama watoto wetu wote wamefika nyumbani. Hakusema neno jingine, akarudi kwake. Lakini shuleni, katika chumba cha walimu, watu waliokuwa wameketi meza moja miaka mingi waliketi meza mbili. Sisi walimu! Na wanafunzi walikuwa wakitutazama. Hilo ndilo ninalolionea haya mpaka leo. Tulichukua zaidi ya mwaka kabla mtu mmoja hajavuta kiti chake."

Nikamwuliza ni nani aliyekivuta. Akatazama pembeni, asijibu.

Tangu hapo mji haukuona tena vita vya namna hiyo. Mwaka 1996 Romania na Hungaria zilitia sahihi mkataba wa ujirani mwema. Sheria ya Romania yaruhusu lugha ya watu wachache itumike katika ofisi za mahali ambapo watu hao ni zaidi ya 20 katika kila 100. Watoto Wahungaria waweza kusoma kwa lugha yao mpaka mwisho wa sekondari, huku wakijifunza Kiromania na kukifanyia mtihani. Mwaka 2020, baada ya meya Mromania kukaa miaka 20, alichaguliwa meya Mhungaria. Si kwamba ubishi umekwisha. Majina ya barabara tu yameleta mabishano ya miaka mingi. Na mzee ana uchungu mmoja: "Mimi sharti nijue lugha ya jirani yangu. Yeye si lazima ajue yangu. Wachache ndio wanaojifunza kwa hiari."

Asubuhi ya kuondoka nalirudi katika duka lile la mikate. Safari hii nalisema Bună ziua kwanza, kisha nikaongeza Jó napot. Mama yule akanitazama, akacheka, akaniuliza natoka wapi, kwa Kihungaria safi kabisa, ndugu yangu akinifasiria. Alikuwa akikijua siku zote. Hakutaka tu kwamba mgeni amchagulie.

Hayo ndiyo niliyoleta kutoka Soko la Mto Mureș. Sisi wenye lugha nyingi katika darasa moja hatuna haki ya kuwacheka watu wa Ulaya kwa magomvi yao. Afadhali kila mmoja wetu atazame ni meza gani anayoketi wakati wa chakula, na kwa nini.

MASWALI

1. Majina mawili ya mji huu yana maana gani, na yamefanana kwa jambo gani?
2. Eleza kwa maneno yako: "Hawakuhama wao. Uliohama ni mpaka."
3. Taja mambo matatu ambayo Kihungaria kimefanana na Kiswahili. Toa mifano yako mwenyewe ya Kiswahili.
4. Mstari, na nukta iliyo nje yake: Euklidi alisema nini, na Bolyai aliuliza nini?
5. Je, ni sawa kusema kwamba Teleki aligundua Ziwa Turkana? Toa sababu.
6. Kwa nini mama wa duka hakujibu kwa Kihungaria siku ya kwanza? Wewe ungefanyaje?